Pine Iliyong'aa Kuliko Zote

Hadithi hii hamtaiamini, na nawaambia mapema ili tusichoshane. Niliwahi kumsimulia mzee mmoja wa Kinama, mtu mzima na ndevu zake, akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi. Na siku hiyo nilikuwa nimepunguza, kwa kumhurumia. Leo sipunguzi kitu. Leo mtasikia jinsi Seifu wa Cibitoke, mtu anayewagombeza madereva wenye vifua kama makabati, alivyotetemeka mchana kweupe mpaka meno yakagongana, kwa ajili ya gurudumu moja la gari ambalo hata si lake.

Mjueni kwanza mwenyewe. Ni mtu mfupi, kofia yake ya kufuma haimtoki kichwani, nadhani hata akioga, na mikono yake ina weusi usiosikia sabuni. Kazi yake ni kulaza pine, yaani matairi. Msicheke. Tangu mafuta yalipoanza kuadimika Bujumbura, magari yamekuwa yakilala nyuani mwezi, miezi mitatu, mengine nusu mwaka, yakingoja petroli, ile sisi tunayoiita esanse. Na gari lililosimama halipumziki, linaoza kuanzia miguuni. Pine iliyobeba gari mahali pamoja inakaa bapa upande mmoja, kama mgonjwa asiyegeuzwa kitandani. Jua linaitafuna ubavu mpaka inachanika vijistari kama kisigino cha mtu wa shamba. Seifu aliliona hilo kabla ya wengine wote. Mimi niliona kabla yake, lakini nilinyamaza. Akasafisha banda la matofali aliloachiwa na baba yake, akaziba dirisha, akapanga mbao chini, akatangaza mtaani: leteni pine zenu kwangu, gari liwekeni juu ya mawe.

Na anavyozipokea! Kwanza anaziosha kwa sabuni kama anayemwogesha mtoto mchanga, anachokoa vijiwe kwenye mifereji yake, anazikausha kivulini. Zenye jante, yaani rimu zake za chuma, anazipunguza upepo kidogo, anazilaza moja juu ya nyingine. Zisizo na jante anazisimamisha, na kila mwezi anazizungusha kidogo zisichoke mahali pamoja. Kuzitundika ukutani, hilo hata usilitaje mbele yake. Kisha anaifunga kila moja kwa kipande cha turubai jeusi, na juu ya turubai anaandika kwa chaki ilitoka wapi: mbele kushoto, nyuma kulia, ili siku ya kurudi kila moja ijue kwao.

Sheria zake ndizo zilizomletea uadui. Ukiingia bandani na chupa ya mafuta ya kupikia tu, unatoka mbio. Jirani yake Léonce, fundi wa kuchomelea vyuma, alilazimishwa kuhamisha mashine yake hatua thelathini, eti cheche za umeme zinazaa hewa inayokula mpira.

"Hewa gani hiyo, kaka?" Léonce aliuliza.

"Iko hewa. We hauione, lakini pine inaiona."

Watu wakampa jina la Daktari. Alijifanya halipendi, na aliliitikia kila mara.

Sasa Daktari huyohuyo ndiye aliyefanya upumbavu ambao hata mgonjwa wake asingeufanya.

Siku nane kabla ya mambo haya, mtu mmoja alimwonyesha bidoni dogo, dumu la lita tano za esanse. Seifu hana gari. Hana pikipiki. Hana hata mashine ya kukatia nyasi, na nyasi zenyewe hana. Lakini mwaka ule ukionyeshwa esanse hukuuliza ni ya nini, ulikamata kwanza. Akalibeba chini ya koti kama mtu aliyeiba kuku. Alipofika nyumbani ndipo woga ulipomfikia. Mtaani walinong'ona kwamba nyumba zinaingiwa na polisi, mabidoni yanatafutwa mpaka chini ya vitanda vya wagonjwa. Akalijaribu chumbani, likanuka. Jikoni, Mungu apishe mbali. Mwisho akajiuliza: ni mahali gani ambapo hakuna mtu katika Cibitoke nzima angedhani Seifu anaweza kuweka esanse?

Palepale bandani.

Pine nne za Amissi, dereva wa kamioneti, pikapu ya buluu, na rafiki yake wa tangu utotoni, zilikuwa zimelala kwenye kona yenye giza. Ile ya juu ililala kifudifudi, na nyuma ya jante palikuwa na shimo kama sufuria. Seifu akalitia bidoni ndani ya shimo, akafunga turubai juu yake, akatoka akijisifu kwa akili zake. Gari la Amissi lilikuwa juu ya mawe miezi saba sasa. Asingekuja kesho wala keshokutwa. Kuhusu kizibo cha lile bidoni, kama kimekaza au hakikukaza, Daktari hakuangalia.

Alhamisi ile Seifu alikwenda Buyenzi kumzika mzee Rachidi. Alirudi karibu saa tano, viatu vimejaa udongo wa makaburini, akamkuta Léonce amekaa juu ya pikipiki yake iliyokauka wiki tatu, ameishika usukani kama vile anakwenda mahali.

"Daktari, pole na musiba," akasema Léonce. "Amissi alikuya. Amepata esanse. Pine zake amebeba."

"Zote?"

"Zote ine. Mama Ilyasi ndiye alimupatia. Na yeye mwenyewe akapanda naye mbele, wameenda Bugarama. Amissi anapakia kabichi, Mama Ilyasi anataka karoti za bei ya kulekule."

Mama Ilyasi ni Saliha, mke wa Seifu, mwanamke asiyeachia lifti ya bure impite.

Seifu aliingia bandani. Kona ilikuwa tupu. Pembeni palikuwa na gunia limefunika kitu, akalifunua: bidoni. Akaelewa mara moja kilichotokea. Saliha alilikuta alipokuwa akifungua turubai, akalificha haraka kabla Amissi hajaliona, akanyamaza ili asimwaibishe mumewe mbele ya watu. Mke mwema. Seifu alitamani siku hiyo angekuwa na mke mwenye mdomo.

Alilinyanyua bidoni. Likanyanyuka kwa wepesi uliomtisha. Akalitikisa sikioni: lita mbili, labda na kidogo. Tatu zilikwenda wapi?

Lile turubai lilikuwa chini, juu ya mbao. Alilishika pembe akalivuta, likabanduka kwa mlio kama bandeji inayotolewa kwenye kidonda. Ndani yake palikuwa na uji mweusi. Na katikati ya uji huo, Seifu aliona herufi. Maandishi ya ubavu wa pine, jina la kiwanda na namba zake, yalikuwa yamejichapa kinyumenyume kwenye turubai, safi, kama muhuri. Ngozi ya pine ilikuwa imebaki nyumbani. Iliyokwenda Bugarama ni nyama tupu.

Akaligeuza turubai kutafuta chaki yake. Nyuma kulia. Akapumua. Nyuma afadhali. Ya nyuma ikipasuka gari linayumba, dereva akiwa na bahati analishika.

"Lakini moya ilitoka muzuri, kaka!" Léonce alisema kutoka mlangoni. "Ile ya juu. Inang'ara kama kiatu ya Idi! Amissi akasema hii siwezi kuificha nyuma. Akaifunga mbele, watu waione."

"Mbele wapi?"

"Mbele kulia."

"Na harufu? Hamukusikia harufu ya esanse?"

"Ya wapi? Amissi mwenyewe alikuwa ananuka esanse mpaka kwenye meno. Alfajiri alikuwa anamimina na chupa ya kukata."

Seifu alitoa simu. Akampigia Saliha. Simu ya Saliha ikaimba chumbani, ilikuwa kwenye chaji. Akampigia Amissi. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara ya tatu, na vidole vyake vikawa vinagonga namba mbili kwa mpigo.

Nyinyi msiopanda mlima ule wa soko la mboga la Bugarama, niwaeleze. Kwenda Bugarama hakuna shida, gari linapanda polepole, tupu, pine inapoa. Taabu ni kurudi. Gari limejaa kabichi mpaka juu, limeinama kichwa, uzito wote umehamia magurudumu ya mbele, breki zinawaka, na joto la breki linaingia kwenye jante, na kutoka kwenye jante linaingia kwenye mpira. Mpira mzima unavumilia. Uliokunywa esanse siku nane unalegea, unavimba jipu, na jipu linatafuta pa kutokea. Likitokea mbele, usukani unakuwa pambo tu. Kilomita zaidi ya thelathini za kona, na chini ya kona ni migomba, na chini ya migomba hakuna anayekwambia kuna nini.

Seifu aliyajua hayo yote. Ndiye aliyekuwa akiwahubiria wengine.

Na bado alisimama. Dakika nzima, labda mbili, alisimama katikati ya banda na turubai mkononi. Maana ili mtu ampeleke huko, lazima aseme kwa nini. Na akisema kwa nini, Daktari amekwisha. Akaanza kujidanganya: huenda imekauka. Huenda itashika. Huenda Amissi ataendesha taratibu leo, ingawa hajawahi. Kisha wazo lingine likapita, dogo, la haraka kama panya ukutani: na ikipasuka, nani atajua ilikuwa nini? Barabara ile kila siku kuna ajali. Watasema breki.

Hilo ndilo lililomtisha kuliko mlima. Alijiona amekaa kwenye mkeka, watu wanampa pole ya mkewe, na yeye anaitikia.

Akatoka mbio na bidoni mkononi, mchana, mbele ya mtaa mzima, akaliweka juu ya kiti cha pikipiki.

"Washa."

Léonce aliliangalia bidoni. Akaliangalia banda. Akamwangalia Seifu.

"Daktari... hii ilikuwa wapi?"

"Ndani ya jante ya Amissi. Siku munane. Imevuja. Mimina, Léonce, nakuomba kwa jina ya Mungu."

Mtu aliyehamishwa hatua thelathini kwa ajili ya cheche alikuwa na haki ya kucheka wiki nzima. Léonce hakucheka. Alimimina haraka, matone yakaanguka kwenye vumbi na hakuna aliyeyajali.

Walipita Kamenge kama watu wanaofukuzwa, wakaanza kupanda. Pikipiki ilikuwa ndogo, mlima mkubwa, na Seifu nyuma alikuwa mzito kwa dhambi zake. Malori yaliwatangulia yakikohoa moshi, vijana wa baiskeli wameyashika mikia ili wavutwe mpaka juu. Kila gari lililoshuka Seifu aliliangalia gurudumu la mbele kulia kabla ya kuangalia rangi. Jeupe, si lenyewe. Jekundu, si lenyewe. La buluu! Akainuka kitini mpaka Léonce akapiga kelele.

"Tulia, kaka! Utatuangusha sisi kabla yao!"

Lilikuwa basi la shule.

Katikati ya mlima waliona watu wamejazana ukingoni. Na barabarani, kuanzia walipokuwa mpaka kwenye kona, kabichi. Kabichi nzima na kabichi zilizopasuka, zinaviringika polepole kuteremka kuwajia, moja ikagonga gurudumu la pikipiki ikasimama. Léonce alizima injini. Seifu alishuka. Aliona mgongo wa mwanamke aliyesimama ameshika kichwa, na mwanamke huyo hakuwa Saliha, na hilo halikumsaidia, maana mwanamke anayeshika kichwa ukingoni anaangalia kitu kilicho chini.

"Léonce, enda we," akasema. "Mi sitaweza kuona."

Léonce alikwenda. Seifu alifumba macho, akaanza kusoma alichokuwa amekisoma asubuhi ileile juu ya kaburi la mzee Rachidi, akakosea mahali asipowahi kukosea.

"Ni mutu wa baiskeli!" Léonce aliita. "Ameanguka na muzigo. Muzima! Anatukana!"

Seifu alikaa chini barabarani. Ilibidi avutwe mkono ainuke.

Wakapanda tena pikipiki. Wakapita penye chemchemi ambapo madereva hupoza breki, lori kubwa la magunia limesimama hapo limefungua mdomo, fundi ameingia nusu mwili. Wakapita misitu ya mikaratusi. Baridi ikaanza, kisha ukungu, na katika ukungu wakafika Bugarama. Wachuuzi wakawavamia na mafungu ya karoti. Seifu alitafuta kamioneti ya buluu mwanzo wa soko mpaka mwisho. Haipo.

Mama mmoja muuza karoti, Spéciose, ambaye wateja wote wa Cibitoke wanamfahamu, alimshika mkono.

"Unatafuta Amissi? Ameshuka zamani. Nusu saa sasa. Amejaza mpaka juu! Bibi yako amenunua kwangu, nimemuongeza."

Nusu saa. Seifu na Léonce wakaangaliana. Barabara ni moja. Wao walikuwa wakipanda, Amissi anashuka. Walipaswa kukutana naye, na hawakukutana naye. Basi mahali fulani kati ya soko lile na chini ya mlima, gari la buluu lenye watu wawili na shehena ya kabichi lilikuwa limetoka barabarani.

Waligeuza. Léonce alishuka taratibu, mguu mmoja ukikwaruza lami. Kila kona alisimama, na Seifu aliteremka akaenda mpaka ukingoni akachungulia. Kona ya kwanza: nyasi zimesimama. Kona ya pili: nyasi zimesimama, nguo zimeanikwa kwenye bonde, mtu anaimba huko chini. Kona ya tatu palikuwa na mikwaruzo myeusi kwenye lami, mipya, imepinda kuelekea bondeni, na harufu ya mpira ulioungua. Seifu alilala kifudifudi akachungulia. Migomba. Paa la bati. Mbuzi. Alitaka kuita "Saliha" lakini aliogopa kwamba hakuna atakayeitika. Akainuka na udongo kwenye ndevu.

Wakafika tena penye chemchemi. Lile lori la magunia fundi alikuwa amelifunga mdomo, amebaki anakusanya vyombo vyake, lori linaondoka polepole, linajivuta kama mzee anayeinuka mkekani. Na lilipojivuta, nyuma yake, pembe ya kitu cha buluu ikaonekana. Kisha mlango wa buluu. Kisha kabichi.

Saliha alikuwa ameinama penye bomba la maji, mikono imelowa mpaka viwikoni, anatia udhu wa adhuhuri. Yeye ndiye aliyemlazimisha Amissi asimame, wangoje wakati wa swala uingie. Alimwambia wakifika mjini watakuwa wamechelewa. Amissi alikuwa ameegemea gari lake, anatafuna mahindi ya kuchoma. Lori lilikuwa limewaficha wakati Seifu na Léonce wanapanda, hatua kumi tu kutoka barabarani, na wao wamewapita wakiwa wamekodoa macho mbele.

"Baba Ilyasi?" Saliha alishtuka, maji yanamdondoka. "Uko na nini kwenye sura? Nani amekufa tena?"

Seifu alimpita, akapiga magoti mbele ya gurudumu la kulia. Lilikuwa liking'aa kweli. Na ubavuni mwake, upande wa chini, palikuwa na jipu, kubwa kama embe, laini, la moto. Aliligusa kwa kidole kimoja. Likabonyea, kisha taratibu likarudi kumsukuma kidole, kama kitu kinachopumua.

"Daktari!" Amissi alicheka, mahindi mdomoni. "Umepanda mulima kuja kuangalia kazi yako? Angalia inavyong'ara! Kila mutu pale Bugarama ameuliza!" Na kama wafanyavyo madereva wote wakisifu pine, akainua mguu aipige teke.

"Usiipige!"

Sauti ile Saliha hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote. Mguu wa Amissi ukabaki hewani.

Na hapo ndipo Seifu alipoinuka, kifua mbele, watu wapatao mia nne wakamzunguka, malori yakazima injini kutoka Bugarama mpaka mjini, na pine ikapasuka kwa mshindo uliodondosha ndege kutoka angani, vichwa vya kabichi vikaruka ziwa zima, na watu wa Uvira ng'ambo ile wakatoka nje na sufuria zao waka—

"Watu mia ine gani?"

Seifu mwenyewe huyo, amesimama nyuma yangu hapa ninapoandika, ameshika karatasi kwa pembe kama anavyoshika turubai.

"Tulikuwa watu wane na fundi wa lori," anasema. "Na haikupasuka. Niliifungua valvu na mukono wangu, upepo ukatoka polepole, psss, mpaka gari ikainama. Halafu nikamuambia Amissi, bibi yangu anasikia: niliweka esanse pale, ni mi, si mutu mwingine. Andika ile."

Naandika, ndugu yangu, naandika. Akaungama kwa sauti kama radi, mlima ukati—

"Apana. Sauti ilikuwa imekauka. Saliha aliniuliza mara mbili nimesema nini."

Haya. Akaungama kwa sauti iliyokauka, Amissi akamwangalia, akaiangalia pine, na kwa huruma akaangua kilio, machozi yakajaza ndoo tatu za—

"Ndoo gani, we? Alinitupia ule muhindi wa kuchoma!"